Plena ya mezani inapotoa mbao zisizo sawa

Mbao imeingia kwenye plena, mashine ya kupigia randa na kupunguza unene, ikiwa na milimita 25. Imetoka upande wa kushoto ikiwa na 22 na upande wa kulia 21.6. Nyingine imetoka na unene uleule kila unapopima, lakini ukiilaza chini inacheza vilevile ilivyokuwa ikicheza kabla ya kupigwa randa. Ya tatu iko sawa mwili mzima, isipokuwa sentimita saba za mwisho ambako kisu kimezama zaidi. Mafundi wengi wakikutana na lolote kati ya haya husema mashine haiko sawa, na mkono unakwenda moja kwa moja kwenye spana. Hapo ndipo kazi inapozidi kuharibika. Ya kwanza ni kweli mashine ina kasoro. Ya pili ni mbao yenyewe, na hakuna skrubu utakayoikaza ikaiponya. Ya tatu, kwa sehemu kubwa, ni namna mbao ilivyoshikwa wakati wa kuingia na kutoka.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kifuniko chochote, isome mbao. Kila kasoro huacha alama yake, na alama hiyo ikisomwa vizuri inakuonyesha mahali pa kwenda.

Plena ninayoizungumzia ni ile ndogo ya inchi 12 au 13, ambayo watu wawili wanaibeba na kuipandisha juu ya benchi. Ndani yake mambo si mengi. Chini kuna meza ya chuma isiyosogea. Juu kuna kichwa kilichobeba mota, shafti ya visu na rola mbili, moja ikiwa mbele ya shafti na nyingine nyuma yake. Kichwa kinapanda na kushuka kwenye nguzo za pembeni kwa msaada wa skrubu ndefu, na skrubu hizo zimeunganishwa kwa cheni au gia ili zizunguke kwa pamoja unapozungusha mkono wa kupandishia. Rola zina springi. Kazi yao ni kuikandamiza mbao kwenye meza na kuivuta ipite chini ya visu.

Kutokana na mpangilio huo inapatikana kanuni inayotawala kila kitu kingine: uso wa juu unakatwa kufuata uso wa chini. Plena inatengeneza nyuso mbili zinazokwenda sambamba. Kunyoosha haiwezi.

Watu wengi wananunua mashine hii wakiamini kwamba mbao iliyopinda ikiingia, iliyonyooka itatoka. Tazama kinachotokea. Mbao yenye upinde inafika kwenye rola ya kwanza. Rola inaikandamiza, na kwa kuwa mbao ya inchi moja ni laini kiasi cha kukubali kubonyea, inalala chini kwa muda. Visu vinapita juu yake wakati imelazimishwa kulala. Ikitoka upande wa pili mgandamizo unaondoka, mbao inarudi kwenye umbo lake. Unene wake ni sawa kabisa, na upinde wake haujaguswa. Ukiipitisha mara ya pili, ya tatu na ya nne unapata mbao nyembamba zaidi yenye upinde uleule, na sasa huna tena unene wa kutengenezea chochote.

Kuigundua mbao ya aina hii ni rahisi. Ilaze juu ya kitu ambacho una hakika kimenyooka, kwa mfano meza ya chuma ya msumeno au kioo kinene, kisha bonyeza kona moja baada ya nyingine. Ikigonga, imejisokota. Kujisokota kidogo kunahitaji jicho makini zaidi: chukua vijiti viwili vilivyonyooka vya urefu mmoja, weka kimoja karibu na kila ncha ya mbao, vikiwa vimelala kukatiza upana. Chuchumaa mpaka jicho lako lilingane na kijiti cha karibu, utazame cha mbali kikichomoza juu yake. Mbao ikiwa sawa, mistari miwili inakwenda pamoja. Ikiwa imejisokota, kijiti cha mbali kinainuka upande mmoja na kuzama upande wa pili, na hata tofauti ya milimita moja inaonekana wazi.

Dawa ni kunyoosha uso mmoja kwanza, halafu ndipo plena ifanye kazi yake kwenye uso wa pili. Mwenye mashine ya kunyooshea uso ataitumia hiyo. Asiye nayo ana njia mbili. Ya kwanza ni randa ya mkono: punguza sehemu zilizoinuka tu mpaka mbao itulie bila kucheza. Uso huo hauhitaji kuwa msafi wala kuondolewa alama zote za msumeno, unahitaji tu kukaa mezani kwa uthabiti. Ya pili ni kutumia kibao cha kubebea. Chukua kipande cha plaiwudi au MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 18 kilichonyooka, kirefu kuliko mbao yako kidogo, ugongomee kizuizi chembamba mwishoni ili mbao isirudi nyuma. Laza mbao juu yake upande uliobonyea ukitazama chini. Kila mahali unapoona mwanga chini ya mbao, ingiza kabari nyembamba na uishike kwa tone la gundi ya moto. Sasa mbao haiwezi kubonyea tena, imeegemezwa kama ilivyo. Pitisha vyote viwili kwa pamoja, ukikata nusu milimita kila safari, mpaka kisu kiguse uso wote wa juu. Kisha ondoa kibao, geuza mbao, upige randa upande wa pili moja kwa moja juu ya meza. Jaribu hivyo kwenye mbao moja ya mninga iliyojisokota na utaona mashine ileile uliyoilaumu ikitoa kazi safi.

Kuna jambo jingine dogo linalookoa mbao nyingi, nalo ni kukata urefu kabla ya kupiga randa. Upinde haupungui kwa kiwango cha urefu tu, unapungua kwa haraka zaidi ya hapo. Mbao ya mita 2.4 yenye upinde wa milimita 8 katikati, ukiikata vipande vitatu vya sentimita 80, kila kipande kinabaki na upinde usiofika milimita moja, kwa sababu theluthi ya urefu inabakiza sehemu moja tu ya tisa ya upinde. Ukiipiga randa ikiwa nzima utapoteza milimita 8 kuufuta upinde huo. Ukiikata kwanza, unapoteza moja.

Sasa tuje kwenye kasoro iliyo ya mashine kweli, ya upande mmoja kuwa mnene kuliko mwingine. Usiipime kwa mbao moja pana, kwa sababu huwezi kujua kama mbao hiyo ilikaa vizuri. Chana kutoka mbao moja kavu vipande viwili vya upana wa sentimita nne au tano na urefu wa sentimita 40 hivi. Andika 1 na 2 kwa penseli. Viingize kwa pamoja, kimoja kikigusa ukingo wa kushoto wa meza na kingine ukingo wa kulia, mkono wa kupandishia ukiwa haujaguswa kati ya kimoja na kingine. Pima katikati ya kila kimoja kwa vernia. Halafu badilisha: kilichokuwa kushoto kipeleke kulia, shusha kichwa kidogo, pitisha tena, pima tena. Ikiwa unene mkubwa umebaki upande uleule wa mashine, mashine ina kasoro. Ikiwa umemfuata namba 1 au namba 2 alikokwenda, tatizo liko kwenye kipande au kwenye upimaji wako.

Kwa kazi za samani, tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita katika upana wote wa mashine haistahili kuhangaikiwa, msasa unaimaliza. Ikifika 0.3 au 0.4 ni lazima irekebishwe. Fikiria meza ya chakula iliyounganishwa kwa mbao tano. Kila kiungo kitakuwa na kangazi kadogo unakokahisi kwa kucha, na ukikamaliza kwa mashine ya msasa unatengeneza mabonde ambayo vanishi itayatangaza sebuleni kwa mteja.

Kabla ya kugusa cheni, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi, chomoa kabisa, na uvae glavu nene wakati wowote vidole vinapokuwa karibu na visu. Anza na uchafu. Maranda yaliyogandamana na utomvu chini ya bati la meza, au kwenye nyuzi za skrubu za kupandishia, yanatosha kuinua upande mmoja. Safisha kwa brashi na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, acha pakauke vizuri.

Kisha tenganisha swali la visu na swali la kichwa, maana vyote viwili vinaleta dalili ileile. Tengeneza kitofali cha mbao ngumu chenye nyuso sambamba. Kiweke mezani chini ya shafti, upande wa kushoto, ukiwa umezungusha shafti ili visu vikae pembeni na mwili wa shafti wenyewe uwe chini. Shusha kichwa mpaka fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.1 ipite kati ya kitofali na shafti kwa kukwaruza kidogo. Hamishia kitofali kulia bila kugusa mkono wa kupandishia, ujaribu fila ileile. Ikipita kwa namna ileile, kichwa kiko sambamba na meza, na mhalifu ni visu. Ikilegea au ikikataa, kichwa kimeinama.

Kichwa kilichoinama kwa kawaida maana yake ni kwamba skrubu za pande mbili hazizunguki tena kwa pamoja. Cheni iliruka jino, pengine mashine ilibebwa kwa kushikwa kichwa badala ya chini, au mtu aliilazimisha ishuke ikiwa imekwama. Weka alama ya rangi kwenye cheni na gia kabla ya kulegeza chochote, ili ujue ulipotoka. Legeza kikaza cheni, itoe kwenye gia ya upande mmoja, zungusha skrubu hiyo jino moja tu, rudisha cheni, pima kwa kitofali na fila. Unaweza kukadiria mapema: tuseme skrubu inapanda milimita 2 kwa mzunguko mmoja na gia yake ina meno 12, basi jino moja ni takriban milimita 0.17. Kichwa kilichoinama kwa 0.34 kinahitaji meno mawili. Hesabu meno ya mashine yako na upime hatua ya skrubu yake, kwa kuwa haziko sawa kwenye kila muundo. Fundi anayezungusha kwa kubahatisha huishia na kichwa kilichoinama upande wa pili, na baada ya hapo hajui tena alianzia wapi.

Ikiwa ni visu, angalia kwanza ni vya aina gani. Kuna vinavyokaa kwenye springi au skrubu ndogo na kupangwa kwa kipimio, na kuna vile vyembamba vyenye makali pande mbili vinavyojipanga vyenyewe kwenye vipini (pini ndogo za chuma) vilivyomo ndani ya shafti. Hivi vya pili vikikaa vibaya, karibu kila mara kuna chembe ya vumbi au utomvu chini ya kisu. Vitoe, safisha kikao chake mpaka chuma king'ae, vikaze upya ukianzia bolti za katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo kwa zamu.

Hapa kwetu kuna jambo linalohitaji kusemwa waziwazi. Visu vipya ni ghali na havipatikani kila duka, kwa hiyo vinanolewa. Visu vinene vya aina ya kwanza vinanoleka vizuri, mradi tu vinolewe vyote kwa pamoja kwenye kishikio kimoja ili vibaki na upana mmoja na ukali ulionyooka. Kisu kilichonolewa kwa mkono kwenye jiwe la umeme hutoka na tumbo katikati, na tumbo hilo litajichora kwenye kila mbao utakayopitisha. Vile vyembamba vya makali mawili vikinolewa vinapungua upana, na kwa kuwa vinajipanga kwa vipini, vinazama ndani ya shafti na havikati tena kwa kimo kilichokusudiwa. Ushauri wangu ni kugeuza upande wa pili, kisha kununua vipya. Pesa ya kisu ni ndogo ukiilinganisha na ubao mmoja wa mninga ulioharibika.

Kung'atwa kwa ncha, yaani kile kibonde cha sentimita chache mwanzoni au mwishoni mwa mbao, ndiyo kasoro inayolalamikiwa kuliko zote kwenye mashine hizi ndogo, na chanzo chake kiko kwenye umbo la mashine yenyewe. Mbao ikiwa katikati ya safari, rola zote mbili zinaishika. Mwishoni, mkia unapoiacha rola ya kwanza, inabaki rola moja tu ya nyuma. Uzito wa sehemu iliyokwisha kutoka unaning'inia nje, unashuka, na mkia unainuka kuelekea visu. Mwanzoni mambo yanakwenda kinyume: rola ya kwanza peke yake ndiyo imeshika, na uzito ulio nje upande wako unainua ncha iliyo chini ya visu. Juu ya hayo, kichwa chenyewe hutikisika. Springi za rola moja zinakisukuma juu upande mmoja, na uwazi mdogo uliopo kwenye nyuzi za skrubu unakiruhusu kuinama kidogo mpaka rola ya pili ishike. Pima urefu wa kibonde hicho, kisha pima umbali kutoka visu hadi rola. Vitakaribiana sana, na hapo utakuwa umethibitisha.

Hatua zenye faida kubwa ni chache. Kama mashine ina kifungio cha kichwa, kifunge kila baada ya kubadilisha kimo. Watu hukisahau. Halafu angalia mbawa za meza, zile za kupokelea mbao mbele na nyuma. Weka rula ndefu iliyonyooka juu ya meza na mbawa zote mbili. Mbawa zikiwa zimelegea na kuinama, kila mbao itang'atwa. Pandisha ncha zake za nje ziwe juu ya usawa wa meza kwa nusu milimita hadi milimita moja. Kwa mbao ndefu, inua kidogo mkia kwa mkono wakati wa kuingiza, kisha zunguka nyuma uipokee na kuiinua kidogo inapotoka. Kidogo tu, ukiinua sana unaisukuma kwenye visu wewe mwenyewe. Ukiwa na mbao nyingi za unene mmoja, ziingize zikifuatana, kichwa cha inayofuata kikigusa mkia wa iliyotangulia, hapo rola hazibaki tupu na zitakazong'atwa ni ya kwanza na ya mwisho pekee. Na acha nyongeza ya sentimita kumi kila ncha pale mbao inaporuhusu. Mimi siamini ahadi ya kuimaliza kabisa kasoro hii kwenye mashine ya benchi. Inapunguzwa mpaka msasa uweze kuimaliza, na hiyo inatosha.

Sasa inamisha mbao dirishani ili mwanga uje kwa mshazari. Utaona vimawimbi vinavyokatiza upana. Hivyo ni vya kawaida, kila mashine ya visu vinavyozunguka inaviacha. Swali ni umbali kati ya kimoja na kingine. Chukua Makita 2012NB: visu viwili, mizunguko 8,500 kwa dakika, mbao inakwenda mita 8.5 kwa dakika. Hiyo ni mikato 17,000 ndani ya milimita 8,500, yaani mikato miwili kwa kila milimita. Ukihesabu vimawimbi ndani ya sentimita moja ukapata kumi badala ya ishirini, kisu kimoja tu ndicho kinachomaliza kazi, kingine kimekaa chini yake. Haihitaji tofauti kubwa, hata sehemu moja ya ishirini ya milimita inatosha kumfanya mmoja awe mtalii. DeWalt DW735, yenye visu vitatu na kasi mbili za kuvuta mbao, huacha mikato 96 kwa inchi kwenye kasi ya juu na 179 kwenye kasi ya chini, kwa hiyo hapo kwanza kumbuka ulikuwa kwenye kasi gani.

Mawimbi mapana, ya milimita nne, tano au zaidi, hayatoki kwenye upangaji wa visu. Tafuta beringi iliyochoka, kichwa kisichofungwa, au mbao nyembamba inayotetemeka kwa kukosa kibao chini yake. Na ukiona alama ileile ikijirudia kila baada ya takriban sentimita kumi, tazama rola. Rola ya kipenyo cha milimita 32 ina mzunguko wa sentimita kumi, na kila inapozunguka, kipande cha utomvu kilichoganda juu yake kinagonga mbao mahali pamoja.

Mistari iliyoinuka inayokwenda na urefu wa mbao ni pengo kwenye kisu. Msumari, jiwe, mchanga uliokauka kwenye mbao iliyoburutwa chini, au mvule. Mti wa mvule una tabia ya kuweka ndani yake mawe ya chokaa, na jiwe moja linaweza kutoboa pengo kwenye visu vyote kwa safari moja. Ikiwa muundo unaruhusu, sogeza kisu kimoja kushoto kwa milimita moja hivi ili mapengo yasifuatane, na mstari utatoweka bila kununua chochote. Msaji nao una silika, madini magumu kama ya mchanga, inayomaliza makali haraka, kwa hiyo mbao za msaji zipige mwisho, baada ya paini na mninga.

Nyuzi kung'oka ni suala la upande unaoingiza. Tazama ubavuni mwa mbao uone nyuzi zinapanda kuelekea wapi. Visu huzunguka vikikutana na mbao, hivyo nyuzi zinatakiwa ziwe zinapanda kuelekea upande wako ulikosimama ukiingiza, visu vizilaze badala ya kuzichimbua. Mvule na mkongo zina nyuzi zinazogeukageuka, na hapo upande mzuri haupo. Punguza kina hadi robo milimita, tumia makali mapya, na lowesha uso kidogo kwa kitambaa kabla ya safari ya mwisho.

Vishimo vidogo vilivyotapakaa bila mpangilio ni maranda yaliyorudi chini ya visu na kukandamizwa na rola. Bomba la kutolea limeziba, au mbao ni mbichi na maranda yake yanagandamana. Mbao ikisitasita katikati ya safari, rola ni chafu au meza inanata. Futa rola za mpira kwa kitambaa chenye spiriti, paka meza nta ya mshumaa na uisugue ikauke. Epuka dawa za kupuliza zenye silikoni, zinaingia kwenye mbao na vanishi itakataa kushika.

Umeme unalaumiwa kwa mengi ambayo haukufanya. Kwenye mashine hizi mota moja ndiyo inayozungusha visu na pia rola, kwa hiyo volti zikishuka vyote vinapungua kasi pamoja na umbali wa vimawimbi haubadiliki. Kinachobadilika ni nguvu ya kisu: kinagonga polepole, kinang'oa nyuzi, mota inapata joto na kaboni zake zinaisha mapema. Tumia ekstensheni ya waya wa milimita mraba 2.5, fupi iwezekanavyo, na uikunjue yote. Aliyeleta mashine ya volti 120 kutoka Marekani anahitaji transfoma yenye uwezo mkubwa kuliko mashine. Mashine inayovuta ampea 15 inafika VA (volti mara ampea) 1,800, nami nisingeweka transfoma chini ya VA 3,000.

Limebaki jambo ambalo hutokea mashine ikiwa imezimwa. Mbao ilitoka sawa jioni, asubuhi imepinda. Paini nyingi inayouzwa Tanzania, ikiwemo ile ya mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, hufika sokoni ikiwa haijakauka vya kutosha, na hata mbao iliyokauka nje huwa bado na unyevu katikati. Ukikata milimita tano upande mmoja, umeufungua moyo wenye unyevu upande huo na kuacha ngozi kavu upande wa pili. Upande uliofunguliwa unakauka, unasinyaa, na mbao inajikunja kuelekea huko. Mbao iliyolala usiku kucha juu ya benchi, upande mmoja ukipata hewa na mwingine umefunikwa, inafanya vilevile.

Kwa hiyo toa kiasi kinacholingana pande zote mbili, ukigeuza mbao kila baada ya safari moja au mbili. Simama ukiwa umebakiza milimita tatu juu ya kipimo cha mwisho. Panga mbao kivulini kwa vijiti vya unene mmoja katikati yake ili hewa ipite juu na chini, uziache siku kadhaa, na zaidi kama ni paini mbichi au kama zimetoka bara kuja kwenye unyevu wa pwani. Zitakazojipinda zitajipinda wakati huo, ukiwa bado na unene wa kuzinyoosha upya kwenye kibao cha kubebea. Zilizotulia zimalizie siku ileile utakayoziunganisha, na ukishafika kipimo cha mwisho usiguse tena mkono wa kupandishia mpaka mbao zote za kazi hiyo, pamoja na moja ya akiba, ziwe zimepita.